Ugonjwa Ulio na Siku Zake

Mwezi huu napenda kuwaandikia habari za ugonjwa mmoja ambao wengi wameuona nyumbani mwao bila kujua jina lake. Ni ugonjwa wa kutapika. Huja, ukamtesa mtoto saa nyingi au siku mbili tatu, kisha ukaondoka kabisa. Na baada ya majuma kadhaa hurudi tena kwa namna ile ile. Madaktari huuita ugonjwa wa kutapika kwa vipindi. Nimeona vema kuuandika kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto aweza kukaukiwa na maji mwilini hata akafa, hali msaada upo. Pili, ugonjwa huu wavunja jamaa. Kwa kuwa sababu yake haionekani kwa macho, watu hutafuta mtu wa kumlaumu, na mara nyingi humpata katika nyumba ile ile.

Hapa kwetu Makote, na katika nchi yote ya Newala na Masasi, kutapika si jambo geni. Twaijua malaria. Twajua tumbo la kuhara wakati maji yanapokuwa haba, maana juu ya uwanda huu wa Makonde hakuna mito, na wazee wetu walishuka mabondeni kuteka maji. Tena twaijua mihogo michungu. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Masasi waliugua kwa kula mihogo iliyotayarishwa kwa haraka kabla sumu yake haijatoka. Na sumu ile humletea mtu kizunguzungu, kuumwa kichwa na kutapika baada ya saa chache tu. Kwa hiyo mtu wa kwetu akimwona mtoto anatapika, huuliza mambo matatu: Je, ana homa? Amekunywa maji gani? Amekula nini? Ni maswali mazuri, wala yasiachwe kamwe. Walakini iko namna ya kutapika ambayo maswali haya matatu hayaifikii.

Habari hizi nalizijua kwa ajili ya mpwa wangu, binti wa dada yangu. Msomaji wa mbali ajue ya kuwa sisi Wamakonde, kama jirani zetu Wamakua na Wayao, twahesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa hiyo shauri la mtoto wa dada humjia mjomba kabla halijafika mbali.

Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita. Usiku mmoja, yapata saa kumi, aliamka amepauka uso, yu kimya, udenda unamtoka, hataki taa wala maneno. Kisha akaanza kutapika, mara nne, tano, hata sita katika saa moja, mpaka tumboni hamkubaki kitu ila maji ya manjano, naye bado anajikamua. Hakuwa na homa. Hakuharisha. Wote waliokula naye chungu kimoja walikuwa wazima. Siku ya pili jioni akalala usingizi mzito. Alipoamka akaomba uji, akanywa, akatoka kwenda kucheza na wenzake kana kwamba hapakuwa na neno. Baada ya majuma sita ikawa vivyo hivyo: saa ile ile ya usiku, kupauka kule kule, siku mbili zile zile, na njaa ile ile mwishoni.

Kila mara alipelekwa kutibiwa. Kipimo cha malaria kilionyesha kwamba hana, lakini mara mbili alipewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Na siku moja aliambiwa kwamba anajifanya mgonjwa ili asiende shule. Simtaji aliyesema, maana hata wenye elimu huchoka. Lakini neno lile lilimwumiza mtoto kuliko sindano.

Neno baya zaidi, hata hivyo, lilikuwa likikua nyumbani. Mama yetu, yaani bibi yake mtoto, hukaa upande wa Masasi, naye hupanda huku Makote mara kwa mara kutuona. Mtu mmoja akakumbuka ya kuwa mtoto aliugua siku moja baada ya bibi kufika. Mwingine akakumbuka na mara ya pili. Lakini akumbukaye kwa namna hii hazikumbuki zile siku ambazo bibi hakuwapo. Wakaanza kunong'ona. Jamaa za baba wa mtoto wakashauri kwenda kwa mpiga ramli. Bibi hakuambiwa neno. Aliona tu kwamba mtoto haletwi tena kulala chumbani kwake. Akamwuliza dada yangu, "Mwanangu, nimekosa nini?" Dada yangu hakuwa na jibu, akalia.

Jamaa walipokuja kwangu kutaka shauri, nikawaambia: "Tusiende popote bado. Na tuandike kwanza." Nikampa dada yangu daftari la shule. Akaandika kila mara ugonjwa ulipokuja: tarehe, saa ya kuanza, mtoto ametapika mara ngapi, saa ya kwisha. Tena akaandika habari za siku mbili zilizotangulia: mtoto alikula nini na saa ngapi, alilala saa ngapi, alisafiri wapi, nani alikuja nyumbani, alikuwa na furaha gani au hofu gani.

Katika mwaka mmoja ugonjwa ulikuja mara saba. Mara tatu bibi alikuwapo. Mara nne alikuwa kwake Masasi. Lakini katika zote saba mtoto alikuwa amekosa usingizi, au amekaa na njaa muda mrefu, au amesafiri kwa gari. Mara moja ilikuwa baada ya mkesha wa Noeli, alipokaa macho kanisani hata usiku wa manane. Mara moja alikuwa ameshuka kwa gari kwenda Masasi, njia ya kona nyingi, naye hajala tangu asubuhi. Mara mbili ilikuwa wakati wa kuokota korosho, watu wote wako shambani toka alfajiri, na chakula kimechelewa hata alasiri. Na zile mara tatu za bibi je? Bibi anapokuja, mtoto hukataa kulala. Hutaka hadithi, na hadithi moja huzaa nyingine mpaka jogoo wa kwanza. Kumbe kilichomdhuru ni kukesha kwa furaha. Yule waliyemshuku kuwa adui wa mtoto ndiye mtoto aliyempenda mno.

Daftari lile tulilichukua mpaka hospitali kubwa. Daktari akalisoma ukurasa kwa ukurasa kabla hajamgusa mtoto. Kisha akampima damu, mkojo na sukari, akampiga picha ya tumbo na mafigo, asione kasoro. Ndipo akatuambia jina la ugonjwa. Akasema, "Ugonjwa huu hautambuliwi kwa kipimo kimoja. Hutambuliwa kwa desturi yake, nanyi mmeniandikia desturi yake yote."

Ugonjwa huu si mpya, wala si wa nchi moja. Mwaka 1882 daktari Samuel Gee wa London aliandika habari za watoto tisa, wa umri wa miaka minne hata minane, waliotapika kwa vipindi kama mpwa wangu. Mwaka 1995 madaktari waliochunguza watoto wa shule huko Aberdeen, katika Scotland, walieleza kwamba karibu 2 katika kila 100 walikuwa na dalili zake. Sisemi ya kuwa hesabu ya Aberdeen ndiyo hesabu ya Newala. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba huu si ugonjwa wa nyumba moja iliyolaaniwa.

Chanzo chake si kidonda cha tumbo. Kiko katika mapatano ya ubongo na tumbo. Ubongo ukisumbuliwa na uchovu, njaa, homa au msisimko, hulipa tumbo amri ya kutapika, wala hauiondoi amri ile upesi. Ndugu yake ugonjwa huu ni kipandauso, yaani yale maumivu ya kichwa yanayokuja kwa vipindi, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Watoto wengi huacha kutapika wakiisha kukua. Na wengi wao hupata kipandauso baadaye.

Daktari akamwuliza dada yangu, "Je, mama, wewe huumwa kichwa?" Akajibu, "Naam, tangu usichana wangu. Siku nyingine hujifungia gizani mchana kutwa." "Na mama yako?" "Naye vile vile." Ndipo akatueleza hivi. Ndani ya chembe za mwili mna vitu vidogo sana viitwavyo mitokondria, ambavyo kazi yake ni kugeuza chakula kuwa nguvu. Urithi wa vitu hivi mtoto huupata kwa mama, si kwa baba. Katika watoto wengi wenye ugonjwa huu wataalamu wameona tofauti ndogo katika urithi huo. Kwa hiyo huweza kufuata upande wa mama, kama ukoo wetu unavyofuata. Si kwa kila mgonjwa, lakini kwa wengi.

Naliposikia hayo nalifurahi, kisha nikaogopa. Nalifurahi kwa kuwa shuku ya uchawi imepata jibu, nikaogopa kwa kuwa nalijua watu watasema, "Basi ni kweli, umetoka kwa bibi!" Na ndivyo walivyosema tuliporudi.

Basi jamaa wa pande zote mbili walipoketi, nikawajibu hivi: "Kurithisha si kuroga. Mchawi, kama watu wasemavyo, hudhamiria. Lakini mama yetu hakutaka jambo hili wala hakulijua. Yeye naye alilipokea kwa mama yake, pamoja na sura yake na sauti yake, na miaka yote ameumwa kichwa asimlaumu mtu. Sisi sote tulioketi hapa tumepokea mema na mabaya kwa wazazi wetu: huyu macho makali, yule meno mabovu. Nani kati yetu amemshitaki mama yake kwa ajili ya meno?" Wengine wakacheka. Baba wa mtoto akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba atakwenda Masasi yeye mwenyewe kumleta mkwewe, ili watu wamwone amemleta. Alikwenda kweli, na tangu siku ile mnong'ono ulikoma.

Sasa nawaandikia mambo tuliyofundishwa, ili yawafae na wengine. Ugonjwa huu una nyakati nne, na kila wakati una kazi yake.

Wakati wa kwanza ni siku za uzima. Hizi ndizo siku za kumkinga mtoto. Alale mapema na kwa saa ile ile kila siku. Asikae na njaa. Ale kitu kidogo kabla ya kulala, na asitoke nyumbani asubuhi bila uji. Anywe maji ya kutosha wakati wa joto. Akisafiri, ale kidogo na aketi mbele. Mimi ni katekista, nami nasema bila haya: mtoto wa namna hii na alale usiku wa Noeli, aje ibada ya asubuhi, wala asifungishwe chakula wakati wa Kwaresima. Wakati wa jando au unyago, wasimamizi waambiwe mapema. Mwalimu wa shule naye aambiwe, ili asidhani ni uvivu. Ikiwa ugonjwa huja mara nyingi au ni mkali, daktari aweza kutoa dawa ya kuzuia inayotumiwa kila siku: kwa watoto wadogo mara nyingi ni siproheptadini, na kwa waliopita miaka mitano, amitriptilini au propranololi. Dawa hizi haziazimwi kwa jirani. Amitriptilini ikizidi yaweza kusimamisha moyo wa mtoto. Basi ifungiwe mahali asipofika.

Wakati wa pili ni dalili za kutangulia: kupauka, ukimya, kichefuchefu, udenda. Hapo msingoje. Mlazeni chumba chenye giza, pasipo kelele, na kama daktari amempa dawa ya kuzuia kutapika, kama ondansetroni, apewe mara moja. Mara nyingine usingizi ukimchukua saa ile, ugonjwa hukatika.

Wakati wa tatu ni kutapika kwenyewe. Msijaze watu chumbani. Msimlazimishe kula, wala msimmiminie kinywani dawa za mizizi, maana aweza kupaliwa. Mpeni maji ya chumvi na sukari ya paketi, paketi moja katika lita moja ya maji safi, kijiko kwa kijiko. Wagonjwa wengine hunywa maji mengi makusudi ili watapike na kupata nafuu kidogo, msiwakemee. Lakini ikiwa hakuna kinachokaa tumboni, kinywa kimekauka, macho yameingia ndani, au hajakojoa tangu asubuhi hata alasiri, mpelekeni hospitali bila kungoja kuche, ili atiwe maji yenye sukari kwa mshipa. Kwetu sisi njia ni ndefu. Basi afadhali kuondoka mapema na kurudi salama kuliko kuchelewa.

Wakati wa nne ni kurudi. Mtoto akiomba chakula, apewe kidogo kidogo. Asiulizwe kwa nini amewasumbua watu. Hajui yeye zaidi yenu.

Tena, ndugu, jina la ugonjwa huu lisiwe kitambaa cha kufunika magonjwa mengine. Mtoto akitapika kijani, hasa mara ya kwanza, huenda utumbo umejisokota, na hiyo ni kazi ya kupasuliwa upesi. Akitapika damu, akiwa na tumbo gumu lenye maumivu makali, akiamka kila asubuhi na kichwa kikimwuma na kutapika, akiyumba katika kutembea, au akili ikimpotea, hayo yote ni ya hospitali siku ile ile. Akiwa na homa, apimwe malaria, hata kama ugonjwa wake wa kawaida wajulikana. Na nyumba nzima ikitapika pamoja, tazameni chungu na mihogo.

Neno moja kwa vijana. Watu wazima nao hupata ugonjwa wa kutapika kwa vipindi. Lakini yuko na kijana avutaye bangi siku nyingi, akaanza kutapika kwa namna inayofanana sana, naye huona nafuu akioga maji ya moto. Madaktari wa Australia walieleza jambo hili mwaka 2004. Huyo dawa yake ya kweli ni kuiacha bangi kabisa. Akiirudia, nako kutapika hurudi.

Mpwa wangu sasa ana miaka kumi na mmoja. Hajapona kabisa, wala sisemi kwamba atapona kesho. Mwaka jana aliugua mara mbili, na mara moja katika hizo usingizi uliukata ugonjwa kabla haujashika. Sasa ajua mwenyewe kumwambia mama yake, "Mama, waja," akaenda kulala bila kuogopa. Bibi huja Makote kama zamani. Ila hadithi zake siku hizi huanza alasiri, zikaisha kabla ya taa kuzimwa.

Basi nawasihi, baba na mama wote msomao. Mkiwa na mtoto atapikaye kwa vipindi, naye katikati ya vipindi ni mzima, nunueni daftari kabla ya kumtaja mtu. Andikeni kila siku ya ugonjwa, na mambo yaliyoitangulia. Wala msisahau kuandika na zile siku ambazo mnayemshuku hakuwapo.

Wasalaam.

Katekista, Makote